Sikio la Kushoto

Ukiingia chumba cha kupigia pasi cha hospitali kubwa, meza ya mwisho karibu na dirisha lenye mvuke, utamkuta mama mmoja mwembamba, kitambaa kichwani, mikono haitulii. Mashuka ya wodini, magauni ya wauguzi, makoti ya madaktari, vyote vinapita kwake. Mikono yake ni ya haraka, lakini mdomo wake ni wa taratibu. Kwenye kwaya ya kanisa lao walimwita Kivuli, wala hawakumwita hivyo kwa ubaya. Kwa miaka mingi alikuwa akisimama kulia kwa mama mwingine, mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kutikisa mabati, aliyeitwa Tarumbeta. Tarumbeta akianza, Kivuli anafuata. Tarumbeta akikohoa, Kivuli naye ananyamaza, anasubiri kikohozi kiishe.

Wote wawili waliimba sauti ya pili. Ni ile sauti ya katikati ambayo watu hawaitambui ikiwepo, ila ikikosekana wimbo unakuwa kama nyumba isiyo na dari. Kivuli aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa kumtumikia Mungu pasipo kutazamwa.

Basi, Tarumbeta akahama. Binti yake alijifungua mapacha katika mji wa mbali, naye akafunga mizigo kwenda kulea.

"Sauti ya pili nakuachia wewe, mdogo wangu," alimwambia siku ya kuagana. "Usije ukaniaibisha."

"Dada, mimi? Mimi bila wewe nitapotea hata kabla ya amina."

"Utapotea, utarudi. Kwani mimi nimepotea mara ngapi? Ila mimi nikipotea napotea kwa sauti kubwa, watu wanadhani ndiko njia iliko."

Wakacheka mpaka wakatokwa na machozi, na kwa upande wa Kivuli machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake.

Mwalimu wa kwaya yao alikuwa fundi bomba kwa kazi yake ya kila siku, mtu mpole mwenye vidole vilivyokomaa. Alijua kwamba waimbaji wake wengi ni watu wa zamu, leo yupo, kesho hayupo. Kwa hiyo alibuni utaratibu wake. Kila wimbo mpya alirekodi kila sauti peke yake, kisha akampangia kila mwimbaji rekodi ya kwake na kumtumia kwenye simu. Ukivaa hedifoni, sikio la kushoto unasikia sauti yako peke yake, na sikio la kulia unasikia wenzako watatu wakiimba za kwao.

"Kushoto ni mwalimu wako," alizoea kusema. "Kulia ni majaribu yako."

Kwenye rekodi za sauti ya pili aliyeimba ni Tarumbeta. Kabla hajasafiri, Mwalimu alimkalisha stoo kwake, katikati ya mabomba na mablanketi ya kuzuia mwangwi, akarekodi wimbo wote wa Jumapili kubwa inayokuja, Jumapili ya kufungua kanisa lao lililoezekwa upya. Wimbo ulikuwa na beti tatu. Mbili za kwanza ni za kwaya nzima. Ule wa tatu ni wa watu wanne tu, kila sauti mtu mmoja, wamesimama mbele, hakuna kinanda.

Na Mwalimu, sijui alifikiri nini, kwa sauti ya pili akamtaja Kivuli.

"Mwalimu, labda utafute mwingine," Kivuli alimwambia pembeni.

"Nimetafuta. Nimekupata wewe."

"Nikishindwa?"

"Ukishindwa ubeti wa tatu tutauacha, tutaimba mbili, tutakaa. Lakini mimi nataka tatu, mama."

Basi likawa hilo. Ubeti wa tatu ulikuwa juu ya shingo yake. Kama angeweza kusimama bila mtu wa kumfuata, ungeimbwa. Kama hangeweza, ungekufa, na kila mtu kwenye kwaya angejua umekufa kwa sababu ya nani.

Shule yake ya kuimba ilikuwa ndani ya basi. Alipanda mapema asubuhi, akitafuta kiti cha dirishani, akatoa hedifoni zake, zile ndogo za kuchomeka sikioni. Zilikuwa za zamani. Upande mmoja mpira wake ulishapotea, akauvisha kipande cha pamba. Akizivaa, kelele za kondakta na honi zinakaa mbali, na Tarumbeta anaingia sikioni kushoto kana kwamba hajahama popote. Kivuli anaimba naye polepole, midomo ikicheza tu, mpaka geti la hospitali. Ubeti wa kwanza ukamkaa. Wa pili ukamkaa. Watu wa kiti cha nyuma walishamzoea. Walidhani anasali, na hawakukosea sana.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, wakati wa kushuka, waya ukanasa kwenye chuma cha kiti. Yeye anakwenda mbele, hedifoni zinabaki nyuma. Akasikia kitu kama uzi unaokatika. Alipozivaa tena, kulia wenzake watatu walikuwa wanaendelea kama kawaida. Kushoto, kimya. Akazungusha waya, akaukunja, akaupuliza. Kimya.

Simu yake nayo spika ilishakufa siku nyingi, tangu ilipotumbukia kwenye beseni la sabuni. Ikitoa sauti ni kukoroma tu. Ya mumewe ilikuwa simu ya vitufe, ya kupiga na kupokea, basi.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa nyumba, mtu wa mizaha. Jioni alizichukua zile hedifoni akazigeuza geuza.

"Lete hapa, mama watoto. Mimi nyumba zilizopasuka nazirudisha, sembuse kauzi haka?"

Akazungushia ile gundi ya karatasi wanayobandika kingo za madirisha wakati wa kupaka rangi. Akaikaza, akaipiga piga. Kivuli akavaa, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Vipi?"

"Ilikuwa imekufa, baba watoto. Sasa imekufa na imevikwa sanda."

Mume akacheka mpaka akaegemea ukuta. Kisha akamwona mkewe hacheki sana, akaketi karibu naye.

"Ndiyo ule ubeti?"

"Ndiyo huo. Mwalimu hata hajautuma bado, na mimi mwalimu wangu wa kushoto kanyamaza."

Rekodi ya ubeti wa tatu ilifika Jumatano asubuhi, akiwa tayari ndani ya basi. Akavaa hedifoni hivyo hivyo, nzima na mfu. Wakaingia wale watatu, ya kwanza juu, ya tatu chini yake, na besi huko kwenye msingi. *Ulinisikia nilipokuwa sisemi.* Waliimba vizuri. Waliimba kama watu wanne kwenye benchi, mmoja ametoka kidogo, wengine wamemwekea nafasi yake.

Siku ile kazini walikuwa wanakunja mashuka makubwa. Kazi hiyo ni ya watu wawili. Mwenzako anashika pembe zake, wewe pembe zako, wala hamzungumzi. Akivuta unajua, akilegeza unajua, mikono yako yenyewe inakwenda panapotakiwa. Kivuli alikuwa anakunja na mwenzake wa siku zote, mama mmoja mwenye maneno mengi, na katikati ya maneno yale akajikuta anaimba. Hakuwa amepanga. Zile sauti tatu zilikuwa zinavuta huku na huku kichwani, na yake ikaenda yenyewe mahali palipobaki wazi.

"Wimbo gani huo?" mwenzake akauliza.

"Wa Jumapili."

"Mtamu. Rudia."

Akarudia. Ilikuwa ile ile. Jioni kwenye basi akairudia juu ya wale watatu, ikakaa. Alishukuru kimoyomoyo. "Baba," alisema, "najua una mambo makubwa ya kushughulikia kuliko waya wangu. Lakini kama ni wewe uliyeninong'oneza, ahsante. Na kama si wewe, niambie mapema."

Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Alishuka kituo cha mbele, penye kibanda cha vifaa vya simu. Muuzaji alikuwa mwanadada mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi, kila ukucha na yake.

"Mama karibu. Hedifoni? Chukua hizi, ndizo za kisasa."

"Zinalia pande zote mbili, mwanangu?"

"Mama! Ningekuuzia za upande mmoja, ungenielewa kweli?"

Alizichukua zikiwa kwenye boksi lake, hakufungua. Mtu akisema kisasa, Kivuli huona haya kuuliza zaidi. Nyumbani akafungua, na mdomo wa kuchomeka kwenye simu ulikuwa bapa. Simu yake ilitaka mdomo wa duara. Akajaribu hivi, akajaribu vile.

"Imezikataa," mumewe alisema, "kama mtoto anayekataa dawa. Usiilazimishe, itatapika."

Alhamisi akapita kibandani, kimefungwa. Ijumaa, kimefungwa. Jirani wa kibanda alisema mtoto wa yule dada anaumwa. Kivuli akamwombea mtoto, akaenda zake. Hakuwa na neno. Kila safari alijifunza na lile sikio moja, na kila safari sauti yake ilizidi kutulia. Mazoezi ya Alhamisi yalimkuta zamuni, hivyo hakuna aliyemsikia. Moyoni alianza kujiona mtu, kidogo tu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya ndani ya nyumba kabla hajatoka nacho.

Jumamosi mchana alipotoka kazini, kibanda kilikuwa wazi.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama, ahsante. Ni homa tu. Nani kakwambia?" Yule dada alishangaa, kisha akaona boksi. "Ooh. Simu yako ya mdomo wa duara! Ungesema, mama yangu."

"Na wewe ungeuliza, mwanangu."

"Haya, yaishe." Akatoa nyingine, akazichomeka kwenye simu yake mwenyewe, akampa. Muziki wa ngoma ukajaa. "Unasikia kote?"

"Nasikia kote. Lakini ngoja nijaribu kwa wimbo wangu."

"Wimbo ni wimbo, mama."

"Wangu una kushoto na kulia."

Akachomeka kwenye simu yake, akatafuta ubeti wa tatu, akausikiliza amesimama pale pale, watu wanapita na mifuko yao. Kulia, wenzake. Kushoto, Tarumbeta! Kivuli akatabasamu kusikia ile pumzi nzito ya dada yake kabla ya kuanza. *Ulinisikia...* Sawa. *Nilipokuwa...* Sawa.

Halafu Tarumbeta akashuka.

Mahali ambapo Kivuli tangu Jumatano alikuwa anapanda, Tarumbeta alishuka chini, taratibu, akakaa huko huko mpaka mwisho. Kivuli akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Alishuka tena.



"Vipi, zinakoroma?" muuzaji akauliza. "Kama mbovu sema nikubadilishie."

"Si mbovu. Nzima kabisa." Akazivua polepole. "Mbovu ni mimi."

"Mama, we! Kaa hapa kwenye kiti. Umepata habari mbaya?"

"Nimepata sauti yangu, mwanangu. Nilikuwa naimba ya kubuni."

Yule dada hakuelewa hata nusu, ila alimpa maji ya kunywa. Akamsindikiza mpaka ng'ambo ya barabara, kucha zake zimemshika kiwiko kama anamvusha mgonjwa.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa mchana ule ule, kanisani. Njiani Kivuli alivaa hedifoni mpya akajaribu kumfuata Tarumbeta. Haikuwezekana. Akifika pale pa kushuka, koo lake lilipanda lenyewe. Akajaribu tena, likapanda tena. Ilikuwa kama mkono uliozoea kukunja shuka upande mmoja. Angeweza kunyamaza pale mahali, akaachia wenzake, nani angejua? Wazo hilo lilimjia, akalitazama, akaliacha liende. Hakuweza kusimama mbele ya madhabahu akicheza midomo.

Waliokuwepo ni wanne: Mwalimu, fundi cherehani mwenye sauti ya kwanza, kijana mwalimu wa shule mwenye ya tatu, na mzee mmoja mlinzi mstaafu mwenye besi. Kanisa lilinuka mbao mpya. Kivuli hakungoja kuulizwa.

"Mwalimu, nisamehe. Ubeti wa tatu nimeusoma vibaya. Sikio la kushoto lilikufa, nikajaza mwenyewe. Leo ndiyo nimeusikia ule wenyewe, na siuwezi tena. Huu wangu umeshanishika."

Fundi cherehani akaguna. "Jamani! Leo Jumamosi, kesho Jumapili. Ndiyo unatuambia leo?"

"Nimejua leo, mdogo wangu."

"Si ungesema hedifoni zimekufa? Tungekuazima!"

"Niliona haya," Kivuli akasema, na ilikuwa kweli.

Mwalimu akakuna kidevu. "Imba tusikie."

"Mwalimu..."

"Imba. Bomba linalovuja nalifungulia maji kwanza, ndipo najua linavuja wapi."

Wakaimba, yeye na wale watatu. Kivuli alifumba macho. Kushoto kwake hapakuwa na mtu, alihisi baridi ya upande ule kama mlango ulioachwa wazi. Alipofika pale pa kushuka, akapanda. Mzee wa besi akafungua jicho moja, akamtazama, akaendelea. Neno la mwisho kabisa, kijana wa sauti ya tatu na yeye wakagongana, wakawa wamekanyagana vidole.

Fundi cherehani ndiye aliyesema, bila kupenda, "Pale pa kupanda mimi nimesisimka, sisemi uongo. Ila si wimbo tuliopewa."

"Tumuulize mwenyewe," Mwalimu akasema. Akapiga simu, akaiweka kwenye spika. Nyuma ya sauti ya Tarumbeta mapacha walikuwa wanalia kwa zamu.

"Semeni haraka, huyu mmoja nimempakata, mwingine ananiangalia kwa hasira!"

"Sikiliza hapa, mama, kisha useme." Wakauimba tena, kwenye simu. Walipomaliza, upande wa pili hata watoto walikuwa wametulia.

"Nani huyo kaimba ya pili?"

"Kivuli."

"Kivuli gani? Yule wangu?" Kikasikika kicheko kikubwa, kile cha kutikisa mabati. "Jamani, kivuli kimemkimbia mwenyewe!"

"Dada, nisamehe," Kivuli akasema akisogea karibu na simu. "Wewe pale unashuka, mimi..."

"Nashuka kwa sababu pumzi inaniishia, mwanamke wewe! Huu mwili huuoni? Mwalimu alinitaka nipande siku ya kwanza kabisa, nikamwambia nikipanda hapo mtanibeba. Akanihurumia. Mwalimu, si kweli?"

Mwalimu akainama akicheka. "Kweli. Nilishasahau."

"Basi mwenye pumzi apande. Ila neno la mwisho, mdogo wangu, teremka kidogo tu, unamkanyaga yule kijana. Haya, kwaherini, huyu amenilowesha."

Simu ikakatika. Wakakaa na lile neno la mwisho, wakalirudia mpaka likalainika, Kivuli akiteremka ngazi moja, kijana akibaki pake. Mzee wa besi, ambaye huwa hasemi, akasema, "Sasa linafunga," akachukua kofia yake.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka nje. Beti mbili zilipita na kwaya nzima. Kisha wanne wakasogea mbele. Kivuli aliona mumewe kiti cha pembeni, shati la kijani, doa la rangi limebaki kwenye kiwiko. Kushoto kwake palikuwa wazi, hatua nzima ya sakafu mpya hakuna mtu. Akavuta pumzi. Kulia wenzake wakavuta, naye akaenda palipobaki wazi. Alipopanda, alisikia sauti yake inagusa lile paa jipya na kurudi. Hakuitambua mara moja. Akaendelea nayo hivyo hivyo, kama unavyoendelea na mgeni uliyemkuta njiani mnakoelekea pamoja. Neno la mwisho likateremka mahali pake.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja tu mbele alijifuta macho kwa kiganja.

Nje, wakati watu wanasalimiana, Mwalimu akamshika bega. "Wiki ijayo upite stoo kwangu. Nina wimbo mwingine. Na tumepata wawili wapya wa sauti ya pili, mmoja ni muuguzi huko huko kwenu, zamu zinamkaba. Nani atawafundisha?"

"Tarumbeta hayupo."

"Ndiyo nakwambia upite."

Alipita. Aliimba katikati ya mabomba, mablanketi yamemzunguka, akaharibu, akarudia, akaomba maji, akarudia.

Sasa ni asubuhi nyingine, basi lile lile. Kivuli amepata kiti cha dirishani. Hedifoni mpya hazina pamba, hazina sanda. Mwalimu amemtumia rekodi ile aikague kabla haijaenda kwa wapya. Anaibonyeza. Kulia wanaingia wenzake watatu. Kushoto anasikia mama mmoja anavuta pumzi, halafu anaanza kuimba kwa sauti ya unyonge kidogo, lakini haiyumbi. Uso unamwaka moto. Anatazama huku na huku kana kwamba basi zima limesikia.

Hakuna aliyesikia. Yule binti aliyeketi pembeni yake, begi magotini, anamwona tu anavyohangaika.

"Shikamoo mama. Kuna tatizo?"

"Marahaba, mwanangu. Hamna. Nilidhani kuna mtu ananiita."

Anaegemea dirisha. Anarudisha wimbo mwanzo, asikilize vizuri kama kuna mahali pa kumkwaza yule muuguzi.